Mizani Kwenye Kona ya Masieda

Baba yangu anaitwa Muksini Yakubu. Pale Dongobesh walimjua kwa vitunguu saumu. Mkulima akitaka kujua bei ya leo alikuja barazani kwetu, anamkuta baba amekaa juu ya gunia, anamenya kitunguu kwa kidole gumba huku anaongea. Siku hizi wanamjua kwa jambo lingine. Wengine wakilisimulia baba anakuwa shujaa, wengine anakuwa muuaji, ingawa hakuna aliyekufa kwa mkono wake. Mimi hawanitaji. Wanasema "alikuwa na binti yake garini", basi, wanaendelea. Lakini neno lililoleta yote lilitoka mdomoni mwangu, ndiyo maana nimeona niliandike mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne.

Babu ndiye aliyekuja huku kutoka Kondoa, na baiskeli na mzigo wa chumvi. Baba alizaliwa Dongobesh, ila duka lake la kwanza alilifungua Masieda, chumba kimoja cha udongo, anauza sabuni na viberiti. Huko ndiko nilikoanza shule. Dawati moja nilikaa na Sara Akonaay. Sara alikuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Mwalimu akisema, "Shamimu, mbona kimya?" yeye ndiye anajibu, "Anafikiri, mwalimu, usimkatize." Darasa zima linacheka, na mimi nacheka ndani kwa ndani.

Mchana tulikula kwao. Baba yake, Akonaay, alikuwa mrefu na mpole, na akirudi shamba akatukuta tunakula alikuwa anagonga nguzo kwanza, nyumbani kwake mwenyewe, eti asitushtue.

Nilipokuwa darasa la nne tulihamia Dongobesh. Mama akajifungua mapacha, mimi nikabaki nyumbani kuwalea, shule ikaishia hapo. Baba akanunua pikapu, akaendelea kuwafuata wakulima huko huko Masieda. Kila msimu mizani ilining'inizwa uani kwa Akonaay, mzigo ukapimiwa hapo.

Sasa niseme lililompata baba. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anarudi kutoka mnadani Katesh, saa kumi, jua bado kali. Alipopita Mogitu kidogo, mahali barabara inapobana, alimwona mtu ameinama katikati ya njia. Akadhani kadondosha kitu, akapunguza mwendo. Kumbe yule mtu anaweka jiwe. Wenzake wawili wakatoka kwenye mahindi. Walipiga kioo, vipande vikamwingia baba jicho la kulia. Wakamtoa, wakamlaza kifudifudi, wakachukua kila kitu mpaka viatu. Baba alijikojolea. Hiyo haikuwa siri, maana waliomkuta ni watu wa mnadani, na watu wa mnadani hawasahau. Mwezi mzima, akipita, lazima mmoja aseme, "Jamani Muksini, kwenu kumenyesha?" Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Mimi nilikuwa namwangalia anavyocheka. Meno yako nje, macho yanatafuta pa kupitia.

Baada ya hapo ndipo akatafuta bastola. Ilimchukua karibu mwaka mzima: barua za mtendaji, kamati hii na ile, alama za vidole, maswali. Popote alipopimwa macho alikariri herufi za ubaoni kwa jicho zima kabla hawajamfunika, halafu akazisoma kwa lile bovu kama anasoma kweli. Tuliojua ni mama na mimi.

Aliyemfundisha ni Mzee Baltazar, mwanajeshi mstaafu wa kutoka Songea, aliyeoa hapa akabaki hapa. Walikwenda kwenye korongo nyuma ya shamba lake, na mimi nilipelekwa kubeba chai. Nilikaa juu ya jiwe, nikasikia yote.

"Muksini, hii si fimbo ya kuchungia," Mzee Baltazar alisema. "Ukiitoa, maana yake umeshaamua. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, uliza. Wewe ni nani? Unataka nini? Kuuliza hakuli risasi."

"Asipojibu?"

"Uliza tena. Na ukiwa kwenye gari, na nyuma kuko wazi, piga rivasi, ondoka."

"Nikimbie?"

"Mimi nimekimbia sana. Unafikiri hii pensheni ninaipokeaje?"

Baba akacheka, safari hii cheko la kweli. Halafu Mzee Baltazar akamwambia kidole kikae nje ya triga mpaka ajue anampiga nani, na nyumbani bastola ikae kwenye kasha la chuma, ufunguo awe nao yeye tu. Baba aliitikia "ndiyo, mzee" kila mara. Mengine yote aliyashika. Lile la kuuliza ndilo halikumkaa.

Nyumbani kukawa na utaratibu. Mlango ukigongwa baada ya magharibi, mama na mapacha waingie stoo, nyuma ya magunia ya maharage. Mimi nisimame kwenye komeo. Na lilikuwepo neno ambalo ndugu yeyote lazima aliseme ndipo afunguliwe. Neno lenyewe lilikuwa chumvi, kwa heshima ya babu. Siku moja baba mdogo Shumbana, mdogo wake baba, alitoka Katesh na vumbi lake lote, akagonga.

"Sema neno," baba akamwambia kutoka ndani.

"Neno gani? Fungua, kaka."

"Sema neno."

"Njaa!"

Mama huko stoo akaangua kicheko, mapacha wakamfuata. Baba mdogo alikaa nje mpaka alipokumbuka. Alipoingia alisema, "Kaka, mke wangu mwenyewe hanibani hivi." Baba alitabasamu, lakini niliona alikuwa amelishika kasha la chuma kwa mikono miwili.

Mimi alinipa kazi ya garini. Kwa kuwa jicho lake la kulia lilikuwa linaona mbali kama kupitia mfuko wa nailoni, alinichukua kila safari ya kununua mzigo. "Wewe ni kimya," alisema, "na kimya anaona." Kazi yangu ilikuwa kuangalia mbele na pembeni. Nikiona mtu, niseme ni nani. Nikimjua, nitaje jina. Nisipomjua, niseme simjui, na baba atie mkono chini ya kiti, bastola ilipokuwa inakaa tukiwa njiani. Na hatusimami popote isipokuwa tulipopanga. Nilijisikia mkubwa. Wasichana wa umri wangu walikuwa wanauza karanga stendi, mimi nilikuwa macho ya baba.

Safari moja tulikuwa tunashuka Gitting. Pembeni ya ngano niliona kitu cheupe kinatikisika, nikachelewa kusema. Baba akakiona kwa kivuli chake tu. Alifunga breki, akatoa bastola, akafungua mlango, anapiga kelele, "Toka hapo! Toka nikuone!" Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Kilikuwa kiroba cha mbolea kimenasa kwenye miba. Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu. Baba aliirudisha bastola chini ya kiti. Alikaa wiki nzima anasema na mapacha, anasema na mama, mimi ananipita kama mwiko ukutani.

Mama, anaitwa Zulfa, ndiye aliyenikalisha. "Shamimu, baba yako akiogopa, wewe nyamaza. Huko nje wameshamcheka vya kutosha. Akichekwa na humu ndani aende wapi?"

Nikanyamaza. Kwangu halikuwa jambo gumu, nilizaliwa nalo. Ila nililishika vibaya: nikawa nanyamaza hata pale kunyamaza kusipotakiwa.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Sara alituma ujumbe kwenye simu ya zamani ya mama ambayo sasa naitumia mimi. "Shami naumwa, ukija na baba kwa mzigo pita unione." Nilisoma nikaona aibu, maana tangu msimu uliopita nilikuwa sijamtafuta hata kwa salamu. Nikasema nitamjibu nikipata cha kumwambia. Wiki iliyofuata tulipita Masieda, tukasimama tulipopanga, tukaondoka. Kutoka pale hadi kwao ni dakika kumi kwa miguu. Nilitakiwa kusema tu, "Baba, tupite kwa Akonaay, Sara anaumwa." Baba angekubali, alimpenda Sara. Sikusema. Ujumbe wa pili ulikuja: "Shami?" Basi, jina tu na alama ya kuuliza. Nao sikuujibu.

Mwezi wa sita, Restituta muuza chai wa sokoni alinishika mkono. "Umesikia binti wa Akonaay wa Masieda amefariki? Siku ya tano leo. Mwambie baba yako."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Angeuliza aliumwa lini, na mimi nilijuaje, na mbona nilinyamaza. Nikasema kesho. Kesho nikasema Ijumaa.

Hapa nieleze jambo moja kwa asiyekuwa wa huku. Wairaqw, wenyeji wa huku, wengi wao siku hizi ni watu wa kanisani na mambo mengi ya zamani wameyaacha, lakini wapo wazee wanaoyashika, na Akonaay ni mmojawao. Kwao, mtu aliyefiwa na mtoto anajitenga kwa muda. Haingii nyumba ya mtu, hasogelei mifugo ya mtu, hashikani mkono na mtu. Akiwa na kitu cha kukupa hakupi mkononi. Anasimama mbali, anakiweka chini, anarudi nyuma, wewe unakuja unaokota. Hafanyi hivyo kwa chuki. Anakulinda msiba wake usikushike. Nilikiona kitu hicho nikiwa darasa la pili, jirani yao alipofiwa, na Sara ndiye aliyenieleza huku tunakula. Baba naye alikijua. Ila hakujua kwamba kwa Akonaay kuna msiba.

Mwezi wa saba tukaanza tena safari za Masieda, za kuangalia mazao na kupatana bei tu, kupima kulikuwa bado. Asubuhi za huko mwezi huo zina ukungu, kioo cha mbele kinalowa nje na ndani. Kabla ya kijiji kuna kona yenye mti mmoja mkavu. Siku ya kwanza nilimwona mtu amesimama kando, mbali kidogo na barabara, shuka limefunika kichwa, fimbo mkononi. Hakupunga mkono, hakusogea. Alituangalia tu mpaka tukapita.

"Nani yule?" baba akauliza.

Nilimjua. Mtu mrefu vile, anayeweka mguu mmoja mbele kama anataka kuomba njia, hakuna wawili Masieda. Na nilijua kwa nini hasogei.

"Simjui," nikasema.

Naapa nilidhani ni neno dogo. Nilidhani tunapita, yanaisha.

Safari ya pili, siku tatu baadaye, alikuwa pale pale. Baba alipunguza mwendo, akamkodolea lile jicho zima. "Yule yule?"

"Yule yule."

"Humjui kabisa?"

"Simjui, baba."

"Anatuhesabia siku," baba akasema taratibu. "Anaangalia tunapita saa ngapi, tuko wangapi." Jioni aliisafisha bastola kwa kitambaa, mama anamwangalia. Mimi nilikuwa nabembeleza pacha mmoja alale, ingawa alishalala.

Ningeweza kusema jioni ile. Nilikuwa na jioni nzima.

Safari ya tatu ukungu ulikuwa mzito zaidi. Tulipokata kona, Akonaay alikuwa ameshuka barabarani. Nadhani alichoka kusubiri tumwone. Alikuwa hatua kama ishirini mbele yetu, fimbo ameiinua kimlalo, kama watu wa huku wanavyozuia ng'ombe. Baba alikanyaga breki. Akonaay akarudi nyuma hatua moja, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwenye kipande cha gunia, akainama kukiweka chini, katikati ya barabara.

Nilisikia pumzi ya baba. Sijawahi kuisikia tena vile na sitaki. Najua alichokiona. Aliona Mogitu.

Nilifungua mdomo. Nilipata "Ba—" tu.

Mlio wa bastola ndani ya gari haufanani na wa korongoni. Ni kama mtu amekupiga makofi masikio yote mawili. Baba alikuwa ametoa mkono dirishani. Hakuuliza wewe nani. Hakuuliza unataka nini. Akonaay alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa "karibu kiti", akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akautazama. Baba aliweka rivasi. Tulirudi nyuma mpaka penye nafasi, akageuza, tukaondoka. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni. Akonaay alikuwa bado amekaa, na kile kifurushi mbele yake. Tulimwacha hivyo.

Baba alikwenda moja kwa moja kituoni, akasema amevamiwa na mtu mwenye silaha aliyeziba barabara kwa jiwe. Aliyeandika ni afande Mectilda, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliichukua bastola akaifungia. Kisha akanigeukia.

"Na wewe binti, uliona hivyo hivyo?"

Baba alikuwa ananiangalia. Suruali yake, pale mbele, ilikuwa imelowa. Alikuwa ameishika kofia yake kuifunika. Nikafikiria mnadani, nikafikiria kiroba cha Gitting.

"Ndiyo," nikasema.

Akonaay aliokotwa na wenye punda. Risasi ilikuwa imepita kwenye mkono chini ya kiwiko na kuvunja mfupa. Walipomfikisha hospitali, polisi naye alikuwa ameshafika, maana karatasi ilisema ni jambazi. Alilazwa na askari mlangoni. Sokoni Dongobesh habari ilikuwa imekwiva: mzee mmoja wa Masieda ndiye anayewaelekeza majambazi, Muksini amemkomesha. Watu waliokuwa wanamuuliza baba kama kwenu kumenyesha sasa walimpa mkono. Mmoja alimwita komandoo. Baba alipokea ile mikono. Alikuwa hajui amempiga nani, jina lilikuwa halijatajwa sokoni. Mimi nilijua, na nilikuwa nachota maji, napika, nafua.

Siku ya nne tukaitwa kituoni tena. Mezani kwa afande Mectilda kulikuwa na kile kipande cha gunia. Pembeni alikaa mtendaji wa kijiji, Hhando, kijana wa miwani, amebana midomo.

"Mzee Muksini, hili ndilo jiwe," afande alisema, akafunua.

Ilikuwa mizani. Mizani yetu ya ndoano, ile ya kuning'iniza gunia. Mgongoni ina herufi mbili za rangi nyekundu, M.Y., alizoandika baba mwenyewe kwa kijiti. Msimu uliopita tuliiacha kwa Akonaay kwa sababu gari lilijaa.

"Unaitambua?"

Baba alipapasa zile herufi kwa kidole. "Ni yangu," akasema.

"Huyu majeruhi ni Akonaay," Hhando akasema. "Mzee, si mnafahamiana? Amefiwa na binti yake. Anasema alisimama pale kona siku tatu akurudishie mizani yako, maana mzigo wa mwaka huu usipimiwe kwake, upimiwe kwa ndugu yake. Anasema hakutaka kukusogelea."

Nilimwona baba akilisikia hilo jina. Uso wake ulikunjuka wote, kama nguo iliyotolewa pini. Nikadhani atalia. Lakini pale mlangoni kulikuwa na watu wanasikiliza, na wawili walikuwa wa mnadani. Akaziona sura zao. Uso ukajikunja tena.

"Mizani ni yangu," akasema kwa sauti. "Iliibiwa. Sasa mmejua aliyeiiba."

Hhando akasimama. "Mzee!"

"Iliibiwa, nasema."

"Basi na la wizi naliandika," afande Mectilda akasema, akachukua kalamu. "Ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Una shahidi kwamba iliibiwa?"

Baba hakunitaja. Alinitazama tu, lile jicho zima, jekundu, linaniomba. Nilijua nikiitikia kwa kichwa inatosha. Akonaay atatoka hospitali aende mahabusu, na mkono wake uliovunjika, na Sara wake aliyekufa, na jina la mwizi. Mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

"Haikuibiwa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, afande akasema, "Rudia."

"Haikuibiwa. Baba aliiacha mwenyewe, tulipojaza gari. Na hakuwa na silaha. Alikuwa na fimbo tu, na hakuisogeza kwetu. Baba hakumwona vizuri, jicho lake la kulia ni bovu. Aliniuliza mara mbili ni nani, mimi nikasema simjui. Nilimjua. Siku ya kwanza nilimjua. Na nilijua kuna msiba. Niliambiwa nimwambie, sikumwambia."

Nikasema yote, mpaka ujumbe wa Sara. Sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Halafu mmoja pale mlangoni akatoa cheko fupi la puani, na afande Mectilda akasema bila kuinua kichwa, "Wewe unayecheka, ingia na wewe utoe maelezo." Wakatawanyika.

Baba alikalia mikono yake kama mtoto. Alipoulizwa, alisema, "Aliyosema ni kweli." Maneno hayo tu. Alilala ndani siku mbili kabla ya baba mdogo Shumbana kuja kumdhamini. Leseni alinyang'anywa. Kesi bado inatajwa hadi leo. Askari aliondolewa kwenye mlango wa Akonaay siku ile ile, mimi nikiwa bado kwenye benchi. Nilimsikia afande akipiga simu: "Mwacheni huyo mzee, hana kosa." Aliirudia mara mbili, mtandao ulikuwa mbaya.

Nilidhani baba atanipiga, au atanipita tena kama mwiko. Alipotoka, tukiwa njiani, baba mdogo anaendesha, aliuliza bila kugeuka, "Kwa nini ulisema humjui?"

"Niliona aibu. Kwa Sara."

Tulipofika darajani aligeuka. "Na mimi sikutoa kichwa nikauliza," akasema. "Baltazar alinifundisha kitu kimoja tu cha bure."

"Na mimi niliiona suruali yako," nikasema, sijui kwa nini.

"Najua uliiona." Baba mdogo Shumbana akakohoa, akawasha redio, ikakataa, akaizima.

Akonaay alipotoka hospitali tulikwenda. Mtendaji Hhando ndiye aliyetutangulia. Tulikuwa baba, mama na mimi, na mablanketi mawili na sukari. Tulisimama kwenye uzio. Akonaay alitoka akasimama karibu na ukuta wa nyumba, mkono umefungwa kifuani. Alikuwa amekonda, lakini mguu ule ule ulikuwa mbele.

"Shikamoo," nikasema. Mama naye akasalimu. Baba alivua kofia tu.

"Marahaba. Msiingie," Akonaay alisema. "Siku zangu bado. Mlichobeba wekeni hapo chini."

Baba akachukua yale mablanketi, akatangulia hatua chache, akainama kuyaweka. Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yake, na mgongo, na nyayo za viatu vyake, na mikono inayopapasa majani ikitafuta mahali pakavu. Nikaona mtu aliyeinama barabarani anaonekanaje. Akonaay naye alikuwa anamtazama.

"Nimekosa," baba akasema akiwa bado ameinama. "Nilikupiga, nikakukimbia, halafu nikakuita mwizi. Nimekosa."

Akonaay hakusema amesamehe. Alisema, "Nimesikia." Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe Shami. Siku ya kwanza pale kona, ulitazama dirishani. Nilidhani umeniona, nikasema atamwambia baba yake. Ndiyo maana nilirudi siku ya pili. Ulinijua?"

Hhando alikuwa anaangalia chini. Mama alinishika kiwiko.

"Nilikujua," nikasema.

"Na Sara alikuandikia."

"Aliniandikia. Mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu kitu akakuta kimetimia. "Alisema unafikiri," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa anasema, Shami yupo, anafikiri." Akageuka. Alipofika mlangoni akagonga nguzo mara moja kwa mkono wake mzima, na ndani hakukuwa na mtu, akaingia.